Kisomo, Kinu na Zege: Mila Zetu Zinapohamia Ghorofani

Nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta wake ukifika nusu mita kwa unene. Nyumba ya Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, ilikuwa na ukuta mwembamba zaidi, lakini ilikuwa na ua. Kinu kilikaa uani juu ya mchanga, dufu lilipigwa uani, maji yalitekwa uani, na wageni wa hitma, yaani kisomo cha kumwombea marehemu, walienea barzani hadi njiani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 yakaja majumba ya ghorofa: Kikwajuni, Kilimani, Michenzani, na kule Pemba miji ya Wete, Chake Chake na Mkoani nayo ikapata yake. Familia zikapanda ngazi na vitu vyao vyote, kinu, mbuzi ya nazi, matari, chuo cha Kurani cha watoto. Ua ndio haukupanda.

Nalisema hili mwanzo kwa sababu ugomvi wa kelele ghorofani hupewa haraka jina la dini. Mmoja anasema jirani yake anachukia kisomo, mwengine anasema huyu wa juu anajifanya mcha Mungu ili apate kupiga kelele. Ukiuchambua ugomvi wenyewe, mara nyingi utakuta shughuli iliyokuwa ya uani sasa inafanyika juu ya dari ya mtu. Kwa hiyo kazi ni kuitafutia shughuli hiyo ua mwengine: sehemu nyengine ya jengo, saa nyengine, au kitu cha kuweka chini yake.

Kwanza tofautisha kelele inayopita hewani na kelele inayopita kwenye zege, kwa sababu dawa zake ni mbalimbali, na watu wengi hupoteza pesa kwa kutibu moja kwa dawa ya nyengine.

Sauti ya mtu anayesoma, ya redio au ya spika husafiri hewani. Sakafu ya zege ya sentimita 15 huizuia vizuri, kwa kiasi cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 50 hivi, yaani mazungumzo ya kawaida ya juu hayasikiki chini. Lakini sauti hiyo haipiti sakafuni. Hutoka kwa madirisha ya luva, matundu ya hewa juu ya mlango na uwazi ulio chini ya mlango wa ngazini, kisha inaingia kwa jirani kwa njia hizo hizo. Tundu la asilimia moja tu ya eneo la ukuta linatosha kuufanya ukuta mzima usizuie zaidi ya desibeli 20. Ndiyo maana kununua pazia zito huku matundu yako wazi ni kutupa fedha. Tena hapa kwetu huwezi kumwambia mtu azibe madirisha. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, chumba kilichofungwa hakilaliki, na umeme ukikatika ndiyo basi. Ramadhani ya 2025 iliangukia Machi, na kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo kwa miaka hii mwezi wa tarawehe na daku unakutana na madirisha yaliyo wazi kila upande.

Kelele ya kishindo ni kitu chengine. Mchi ukishuka kwenye kinu, zege lenyewe linatikisika, na dari ya jirani inageuka kuwa ndiyo inayotoa sauti. Hapo unene wa zege hausaidii sana na dirisha halihusiki kabisa. Kinachosaidia ni kuivunja nguvu kabla haijagusa sakafu.

Tuanze na kinu, maana ndicho kinachoongoza kwa malalamiko mwezi mzima wa Ramadhani, kuanzia alasiri. Kisamvu, thomu, bizari, pilipili manga, vyote vinataka kutwangwa, na kila jiko linatwanga kwa wakati mmoja. Mkeka wa ukili peke yake ni mwembamba mno. Utaondoa mlio mkali wa mti kugonga sakafu lakini kishindo kizito kitabaki. Panga hivi: chini kabisa kipande cha mpira mzito, hata wa ubavu wa tairi kuukuu, sentimita moja au zaidi, juu yake gunia lililokunjwa mara nne, halafu kinu. Kinu kisikae katikati ya chumba. Katikati ndipo sakafu inapocheza zaidi. Pembeni, karibu na ukuta mnene au nguzo, zege huwa gumu na kishindo hupungua. Lakini kisiguse ukuta, la sivyo utakuwa umemtoa jirani wa chini kwenye tabu na kumwingiza wa ubavuni. Kinu kidogo cha thomu wengi hukiweka juu ya meza ya jikoni. Hapo meza inageuka ngoma. Kipakate, au kiweke juu ya taulo lililokunjwa.

Kwa kisamvu cha familia kubwa ushauri wangu ni mfupi: shuka nacho chini, utwange juu ya ardhi. Ukishindwa, nunua kilichokwisha kutwangwa sokoni. Pweza naye apigwe huko huko pwani au sokoni. Akifika nyumbani hajalainika, mgandishe kwenye friza usiku mmoja, kwani barafu hukata nyuzi za nyama yake na atalainika akichemshwa. Kumpiga pweza sakafuni ghorofa ya pili saa tano asubuhi si kosa kubwa, ila kuna mtu aliyerudi zamu ya usiku hospitali amelala hapo chini.

Alfajiri ina kelele zake, na ajabu ni kwamba adhana sizo zinazolalamikiwa sana. Adhana ni dakika tatu au nne na kila mtu anaijua. Kinachomwamsha jirani ni mitalawanda. Kiatu cha mti kwenye sakafu ya saruji ya chooni, saa kumi na nusu za usiku, kwa watu watano wanaotawadha kwa zamu, ni vishindo vya nusu saa. Gongomea mpira wa ndara chini ya mtalawanda, milimita tano zinatosha, au weka ndara za kawaida chooni na mitalawanda ibaki pambo. Ndoo ziwe na kitambaa chini. Simu yenye adhana isiwekwe sakafuni wala juu ya kabati la mbao, maana mtetemo wake unaingia kwenye jengo. Iweke juu ya mto. Na kama nyumba ina simu nne zinazoadhini, moja inatosha.

Halafu kuna pampu ya maji. Hii si mila wala dini, lakini huwashwa kwa ajili ya udhu na daku, na mjini maji yenyewe mara nyingi huja usiku. Pampu iliyofungwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye sakafu hutetemesha mabomba ya jengo zima, na mtu aliye mbali nayo ghorofa mbili anaisikia ukutani kama iko chumbani mwake. Ikalishe juu ya vipande vinne vya mpira, unganisha kila upande kwa kipande cha bomba laini la mpira badala ya bomba gumu, na bomba lisishikwe na ukuta mita ya mwanzo. Zaidi ya yote, jaza tangi kabla ya saa nne usiku, ili alfajiri maji yashuke yenyewe.

Chuo cha watoto ghorofani ni suala linalotaka muda zaidi. Mwalimu, mara nyingi mama wa makamo anayefundisha kwa thawabu, anakusanya watoto ishirini sebuleni baada ya alasiri. Majirani wakilalamika, jambo la mwanzo wanalopendekeza ni kupunguza watoto. Hesabu haikubali. Ukipunguza kutoka ishirini hadi kumi, sauti inashuka desibeli tatu tu, na sikio halioni tofauti kubwa. Ili isikike kuwa imeshuka nusu, unataka desibeli kumi, yaani wabaki watoto wawili. Kwa hiyo usimfukuze mtoto wa mtu. Badilisha namna ya kusoma. Darasa zima likisoma kwa pamoja, kila mtoto anapaza ili ajisikie, na sauti inazidi kupanda. Ukigawa duru za watoto watatu wanne, mmoja anamsomea mwalimu na wengine wanafuatisha kwa kidole, sauti inashuka mara moja, na mwalimu anasikia makosa ya tajwidi, kanuni za kusoma Kurani, ambayo kwenye kwaya hayasikiki. Faida hii ya pili ndiyo ya kumwambia mwalimu. Ukimwendea na neno kelele tu, utamvunja moyo.

Na sauti ya kusoma si tatizo lote. Miguu arubaini ikishuka ngazi kwa mbio kabla ya Magharibi ni tatizo kubwa zaidi, kwa sababu ngazi ya zege isiyo na kitu chochote laini hurudisha sauti huku na huku kwa sekunde kadhaa. Waachie wawili wawili. Viatu wavae wakifika chini. Kama chuo kimekua, kihamie ghorofa ya chini au chumba cha mskiti, na majirani wanaolalamika wawe wa mwanzo kuchangia kodi yake.

Maulidi na hitma. Hapa kanuni ya kwanza ni kwamba sebule ya mita nne kwa tano haihitaji spika. Msomaji wa Barzanji, kitabu cha Maulidi, anasikika vizuri kabisa na watu thelathini waliokaa kimya. Spika huwashwa kwa sababu imekuja pamoja na viti na turubali. Ikiwa ni lazima, isikae kwenye kona. Kuta mbili za kona pamoja na sakafu huzidisha besi, ule mlio mzito, na besi ndiyo inayopita kwenye zege kuliko sauti zote. Itoe kona, ipandishe juu ya kigoda chenye sponji, na kitufe cha besi kirudishe hadi mwisho. Maneno ya kisomo hayamo kwenye besi hata kidogo, hutapoteza herufi. Dufu na matari nayo yashikwe mkononi au yapakatwe, yasiegemezwe sakafuni.

Maulidi makubwa yanataka kufanyika chini, nje, na hapo kuna mtego wa majumba marefu yanayotazamana kama yale ya Michenzani. Kuta mbili ndefu zinarudishiana sauti na kuipandisha hadi ghorofa ya juu kabisa. Wapangaji wa shughuli huweka maboksi mawili makubwa jukwaani na kuyafungulia mpaka aliye nyuma asikie. Tuseme aliye nyuma yuko mita 16 na unataka apate desibeli 70. Kila umbali ukizidi maradufu uwanjani sauti hupungua desibeli 6 hivi, kwa hiyo kwenye dirisha lililo mita 32 itafika 64. Sasa weka maboksi manne madogo katikati ya watu, kila moja likihudumia mita nne zake kwa desibeli 70 hizo hizo. Kwa lile dirisha la mita 32 kila boksi linaleta 52, manne kwa pamoja 58. Wasikilizaji hawajapoteza kitu, jirani amepunguziwa sita. Yainue maboksi kama mita mbili na yainamishe yaangalie mikeka, yasiangalie madirisha. Honi za bati zile za kutangazia acha kabisa kwa shughuli ya watu waliokaa mbele yako. Zimetengenezwa kupeleka sauti mbali.

Watu huona haya kulisema hili kwa kuogopa kuonekana wanapinga kheri. Lakini Sura ya Al-Israa, aya ya 110, inataka sala isisomwe kwa sauti kubwa wala ya kujificha mno, ishikwe njia ya katikati, na iko hadithi katika mkusanyiko wa Abu Daud ya Mtume kuwasikia watu wakipaza kisomo mskitini naye yumo itikafuni, yaani amekaa mskitini kwa ibada, akafunua pazia akawaambia kila mmoja anamnong'oneza Mola wake, basi wasiudhiane. Kama mtu amekuletea hoja ya dini, mjibu kwa dini. Saudi Arabia nayo, mwaka 2021, wizara yake ya mambo ya Kiislamu iliagiza spika za nje za miskiti zitumike kwa adhana na ikama (wito wa kuanza sala) tu, na zisizidi theluthi ya nguvu zake. Sisemi tuige. Nasema hoja kwamba kupunguza spika ni jambo la makafiri haina miguu.

Majengo yetu yana Wakristo pia, wana jumuiya ndogo zinazosali nyumba kwa nyumba, na wengine wana mikesha. Sala ya jumuiya ya saa moja jioni haimsumbui mtu. Mkesha wa kuimba na kupiga makofi hadi saa kumi haufai sebuleni, kama vile dhikri ya usiku kucha isivyofaa. Vyote viwili vina nyumba zake za ibada. Kipimo kiwe saa na sauti, kisiwe jina la dini. Ngoma za ndani za harusi, vigelegele na sherehe ya singo (kumsinga bibi harusi) zina hukumu hiyo hiyo, ila muda wake mzuri ni kati ya alasiri na Isha, wakati jengo zima limeamka.

Wapiga ngoma za daku waendelee kupita, wengi wetu tunawapenda. Lakini wapite barabarani, wasiingie chini ya ngazi, kwa sababu pale ngoma moja inakuwa kumi. Mzunguko mmoja, saa tisa na nusu. Aliye mgonjwa, mwenye mtoto mchanga au asiyefunga atageukia upande wa pili na kulala tena. Mzunguko wa tatu ndio unaomtoa kitandani na hasira.

Taarifa kabla ya shughuli inashinda godoro la sponji. Kelele ambayo mtu anajua itaisha saa tatu na nusu anaivumilia. Ile isiyojulikana mwisho wake inamla. Siku tatu kabla, piga hodi mwenyewe kwa nyumba ya chini, ya juu na za ubavuni, usimtume mtoto. Kisha bandika karatasi ngazini, fupi:

"Assalaam alaykum majirani. Ijumaa tuna hitma ya mzee wetu, nyumba nambari 12, baada ya Magharibi hadi saa tatu na nusu usiku. Spika hakuna. Gari tunaziweka upande wa barabara kuu. Likitokea jambo, simu ya mwenye shughuli ni hii hapa. Karibuni nyote kisomoni na kwenye sinia."

Simu iwe ya mtu atakayeipokea. Mwenye shughuli mara nyingi yuko jikoni au anapokea wageni, kwa hiyo teua ndugu mmoja mwenye akili ashike simu hiyo na awe na amri ya kuzima. Na saa ya mwisho ikifika, zima kweli. Ukizidisha nusu saa mara moja tu, karatasi yako ya pili hakuna atakayeisoma.

Msiba hauna taarifa wala saa. Hakuna jirani wa kwetu anayegonga mlango wa vilio. Kitu pekee cha kusimamia ni viti na masufuria: yabebwe, yasiburutwe, na jiko la matanga liwekwe chini.

Anayeudhika naye ana adabu zake. Asigonge dari kwa mpini wa fagio, na asipande wakati shughuli inaendelea mbele ya wageni, isipokuwa saa iliyotangazwa imepita. Aende kesho yake, na maneno yawe mahsusi: "Shikamoo Bi Mkubwa. Kisomo cha jana tumekisikia, Mungu akitakabali. Lile boksi lililokuwa kona ya dirishani linatikisa chumba cha mtoto. Nikija mara nyengine nikusaidie kulisogeza?" Mtu akiambiwa boksi gani na kona gani ana la kufanya, akiambiwa mna kelele sana ana la kujibu tu. Programu ya simu ya kupima desibeli si sahihi sana, lakini inafaa kulinganisha: pima kitandani pako, dirisha likiwa kama unavyolala, kabla na baada ya kusogeza. Shirika la Afya Duniani lilitaja desibeli 30 kama wastani mzuri wa chumba cha kulala usiku; kwa mjini ni ndoto, ila inaonyesha 60 iko mbali kiasi gani.

Mambo yasipokwisha, wazee wa nyumba zinazotumia ngazi moja au kamati ya jengo kwanza, kisha sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Kumwanza sheha kabla ya kumpandia jirani mwenyewe ni kumtoa mtu hadharani, na hapo hata mwenye kosa atapata watetezi.

Majengo mapya, ya Fumba na kwengine, yanakuja na kanuni za kuchapishwa, na Zanzibar ina sheria ya umiliki wa nyumba za pamoja tangu 2010, kwa hiyo kanuni hizo si karatasi ya mapambo. Nyingi huandikwa kwa mstari mmoja, "hakuna kelele baada ya saa nne usiku", na mstari huo hauwezi kusimamiwa hata siku ya kwanza ya Ramadhani. Kabla ya kutia saini, uliza tarawehe ya nyumbani na daku zimo upande gani wa mstari huo. Uliza kama upo ukumbi wa pamoja, uko ghorofa gani, nani ana ufunguo wake na unalipiwa kiasi gani kwa hitma. Uliza anayepigiwa simu usiku ni mlinzi au meneja. Na kanuni inayotaja "shughuli za kidini" bila ya kutaja saa wala kiwango cha sauti, omba ifutwe au iandikwe upya kabla hujalipa amana.